Umeelewa Nini, Bi Halo?

Kazini waliniita Bi Halo, kwa sababu nilikuwa mpokea simu wa gazeti, na neno la kwanza ambalo watu walilisikia kutoka jengo lile lilikuwa halo yangu. Kazi yangu ya mkataba ilikuwa kuunganisha simu. Kazi yangu ya kweli, ile iliyonipatia mume, ilikuwa kutoelewa.

Msahihishaji wa gazeti letu alikuwa kijana mwembamba ambaye wenzake walimpa jina la Mkato, kwa jinsi alivyogombana na waandishi juu ya alama hiyo. Jioni, kabla kurasa hazijaenda mtamboni, alikuwa akishuka hadi kwenye kidirisha changu na kunisomea vichwa vya habari. Vichwa tu, habari yenyewe hanipi. Halafu ananiuliza, "Umeelewa nini, Bi Halo?" Nami namwambia nilichoelewa. Nikielewa sivyo, kichwa kinarudi juu kwa mhariri kikapangwe upya. Mhariri alininunia miaka nenda miaka rudi, lakini makosa yalipungua, akakosa la kusema.

Siku moja Mkato alinisomea, "Kocha wa Magereza afungwa." Nikauliza, kaiba nini? Kumbe maskini timu yake ilifungwa mabao. Mkato alicheka mpaka akaushika ukuta. Alipopata pumzi akaniambia neno hilo lina mifuko mingi: mlango hufungwa, mtu hufungwa, timu hufungwa, mzigo hufungwa, na mengine nimeyasahau. Akaapa kwamba tangu siku hiyo, likipita mikononi mwake atalipekua mifuko yote. Nilimsikiliza kwa sikio moja tu, maana macho yangu yalikuwa kwenye meno yake. Haikupita muda mrefu tukaoana.

Sasa sote wawili ni wastaafu, na figo za Mkato nazo zimestaafu bila kutuaga. Anaishi kwa mashine. Siku zake zikifika tunakwenda hospitali kuu, analazwa karibu na lile dude lenye mirija, damu yake inatoka, inasafishwa, inarudi. Akikosa, maji yanamjaa. Yanaanza miguuni, yanapanda usoni, yakifika kifuani pumzi inakuwa ya kuomba. Daktari alishatuambia bila kupepesa macho kwamba bila mashine mume wangu hana muda. Kwa hiyo mimi maisha yangu yote nimeyapanga kuizunguka mashine ile. Sioni aibu kusema naipenda.

Mkato hapendi chochote kinachotoka kwenye simu. Kwake yeye habari ni ile iliyochapwa, tena na gazeti letu, maana anajua ilipita mikono mingapi kabla ya kumfikia. Shida ni kwamba kijana aliyekuwa akituletea gazeti mlangoni aliacha kazi hiyo, hakuna aliyemrithi. Tukabaki na wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, na watoto wetu husema nyumba hii ina wifi hata bando likiisha. Kila asubuhi hurusha kwenye kundi la ukoo picha za kurasa za mbele za magazeti yote, akifuatisha na dawa za majani, maonyo ya matetemeko ya ardhi na dua. Moyo wake ni mzuri, mwenye kubisha aje kwangu. Ila akisikia kitu hawezi kukaa nacho. Ni lazima akitoe.

Basi Mkato amekuwa mtu wa kusoma kurasa za mbele kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Gazeti lake limebaki uso, halina mwili. Namwambia hayo, ananijibu kwamba uso wa mtu unayemfahamu unatosha kukueleza kama kuna amani.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa siku ya mashine. Nilikuwa nimeshamvisha shati la mikono mifupi, lile ambalo wauguzi wanalipenda, na nimeshamfunga viatu, kwa sababu miguu yake huvimba na kuinama hawezi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akimsubiri dereva, jirani yetu mwenye teksi. Simu ikalia mlio wa wifi. Akavaa miwani, akasoma. Kisha akanipa simu.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti letu. Herufi kubwa: MASHINE ZA FIGO ZAFUNGWA HOSPITALI KUU. Pembeni, picha ya jengo la hospitali, mlango umefungwa. Chini, kwa herufi ndogo: habari kamili ukurasa wa 14.

"Basi," alisema. "Imekuwa."

Alichukua simu yake, akampigia dereva mwenyewe. Mkato ambaye hata mwanawe akimpigia hunipa mimi nipokee, leo anabonyeza namba kwa kidole chake. Alimwambia asijisumbue kuja, mashine zimefungwa, akienda atarudishwa getini. Akamshukuru kwa wema wake wa siku zote. Halafu akaninyooshea mguu na kuniomba, kwa adabu kabisa, nimfungulie viatu.

Nilimfungulia. Mikono yangu ilitii kabla kichwa hakijaelewa. Nilipoinua macho nikaona kitu ambacho mpaka leo sijakisahau: mume wangu hakuwa na hofu. Makunyanzi ya kipajini yalikuwa yamelegea. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Nilimwambia twende hivyo hivyo, tukaone kwa macho. Akasema hawezi kwenda kusukumwa getini kama mwizi wa kuku. Nikasema gazeti linaweza kukosea. Akasema gazeti hili halikosei. Nikamwacha na kikombe chake cha maji, kile kidogo, maana hata maji anapimiwa, nikaenda jikoni na simu yangu. Nilishaunganisha simu za mawaziri wakiwa wamelewa. Sikuona kwa nini nishindwe kuipata hospitali moja.

Hospitali haikupokea. Iliita mpaka ikachoka, nikapiga tena, ikaita mpaka nikachoka mimi. Simu isiyopokelewa huniuma kama tusi. Sijui wamemweka nani pale mapokezi, lakini angekuwa chini yangu angenitambua. Muuguzi wa Mkato nina namba yake, ila akiwa zamu simu yake hulala kabatini. Nikawasha redio. Mtangazaji na mwenzake walikuwa wakipitia magazeti, wanacheka hili, wanaguna lile. Wakafika kwetu. "Mashine za figo zafungwa, jamani, wagonjwa waende wapi?" Mwenzake akasikitika kwa sauti nzuri. Kisha akasema ile kauli yao, kwamba wao wanasoma vichwa tu, kwa habari kamili jipatie nakala yako. Wakaweka muziki.

Mtandaoni nako nilikuta mambo yaleyale yamevaa nguo nyingine. Ukurasa mmoja uliandika kwamba mashine zimefungwa, kwa mujibu wa redio. Mwingine uliandika kwa mujibu wa ukurasa huo. Wa tatu uliweka na picha ya mgonjwa anayelia, mwanamke wa nchi ya mbali kabisa, nikamhurumia bure. Kila niliyemfuata alinielekeza kwa mwenzake, na wote kwa pamoja walikuwa wamesimama juu ya kile kichwa kimoja. Hakuna aliyefungua ukurasa wa 14.

Wakati huohuo kundi la ukoo lilikuwa linachemka. Wifi akatuma ujumbe wa sauti, analia kikweli: wagonjwa wanarudishwa getini, kuna mtu ameona kwa macho yake. Hapo nikakaa juu ya ndoo. Kichwa cha habari ni kitu kimoja; mtu aliyeona kwa macho ni kitu kingine.

Nikampigia wifi. Nilimbembeleza kwanza, maana alikuwa hasikii kitu kwa kilio, halafu nikamuuliza nani ameona. Akasema ni binamu yao, yule anayeuza chaja na makava ya simu pale kituo cha teksi. Nikampigia binamu. Akasema, kuona hakuona yeye, ila aliambiwa na mtu wa kuaminika ambaye hupeleka wagonjwa hospitali. Mtu gani? Akamtaja dereva. Dereva yupi? Dereva wenu.

Nikampigia dereva. "Mama," alisema, "si mzee ndiye aliyeniambia asubuhi? Mimi nikawaambia wenzangu hapa kwamba wagonjwa wanarudishwa getini. Nimekosea?"

Hakukosea. Alitia chumvi kidogo tu, kama tunavyotia sote. Lakini yule shahidi aliyeona kwa macho alikuwa mume wangu, aliyekaa kwenye kiti chake bila viatu. Habari ilitoka dirishani kwangu, ikatembea mtaani, ikarudi kupitia mlango wa jikoni ikijifanya mgeni. Ningekuwa na muda ningecheka.

Nilijifunga kanga, nikamwambia Mkato nakwenda mara moja, akaitikia bila kugeuka. Alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho, anasikiliza muziki wa redio. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona ametulia hivyo, na nilimchukia kwa utulivu ule.

Njia panda kuna muuza magazeti mmoja aliyebaki. Huyatandika juu ya meza ya mbao, na kila nakala ameibana kwa pini pembeni ili watu wasome uso tu. Anayetaka mwili alipe. Wanaume kadhaa walikuwa wamesimama pale wameinamisha vichwa, ndiyo klabu yao ya kila asubuhi. Walikuwa wanaizungumza habari yangu. Mmoja alisema nchi haina huruma. Mwingine alisema hizo mashine zimeuzwa, yeye anajua. Nikawauliza kama kuna aliyesoma ndani. Wakanitazama kana kwamba nimewauliza rangi ya chupi zao.

Nikanunua. Pini ilinichoma kidole nikiing'oa. Nilifungua ukurasa wa 14 palepale, juu ya meza ya watu, upepo unapeperusha michezo na matangazo ya vifo.

Habari ilikuwa fupi. Mafundi walikuwa wamemaliza kufunga mashine mpya za kusafisha damu katika jengo jipya la hospitali kuu, na zingeanza kutumika siku hiyohiyo. Wagonjwa wa zamani wote wangehamia huko, chini, bila kupanda ngazi. Mganga mkuu alisema kusubiri hadi jioni sasa kumekwisha. Ile picha ya mlango uliofungwa ilikuwa picha ya jengo jipya kabla halijazinduliwa.

Zilifungwa. Zilifungwa kama taa inavyofungwa ukutani, kama mabomba yanavyofungwa jikoni. Huo ndio mfuko niliousahau.

Nilisoma kwa sauti ili wanaume wale wasikie. Walisikiliza, wakasema ahaa, mmoja akasema heri. Kisha wakahamia kwenye mpira. Habari njema haikuwa na ladha ya kuwaweka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, muuza magazeti akaniuliza kama naumwa. Nikampigia dereva aje upesi. Nikampigia wifi pia, nikamsomea yote, kila neno mpaka nukta, na nikamwomba arushe hii kama alivyorusha ile. Akaahidi, akalia upya.

Ilikuwa njiani, gazeti kwapani, ndipo nilipomkumbuka Kocha wa Magereza.

Nilisimama katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanikwepa akinitukana. Mkato alilijua neno lile. Mimi ndiye niliyesahau mifuko yake, yeye alinisomesha. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akipekua maneno, aliyeapa kwa hili moja, leo asubuhi amelisoma kwa herufi kubwa kuliko kidole chake, halafu akasema basi, imekuwa. Kwa hiyo nilimaliza njia nikitembea polepole. Furaha niliyoinunua njia panda ilikuwa imeanza kuwa nzito.

Nilimkuta palepale. Nikazima redio. Nikamwekea gazeti mapajani, limefunguliwa ukurasa wa 14, nikasubiri. Alisoma hadi mwisho, akakunja miwani.

"Uliliona," nilimwambia.

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo nilimshukuru. "Nililiona," alisema. "Huduma ndiyo hufungwa. Mashine hufungwa na fundi. Nililiona kabla miwani haijakaa sawa."

"Na ukampigia dereva."

"Lingeweza kuwa na maana ile nyingine, Bi Halo. Waandishi wa siku hizi hawachagui maneno. Nikaiacha iwe ile nyingine." Alitazama miguu yake, imevimba na kung'aa. "Nimechoka. Nachoka kutolewa damu, nachoka kupimiwa maji kama mche wa kitalu. Kila ukinifunga viatu nasikia magoti yako yanavyolia, nayo sina namna ya kuyasahihisha. Mimi nisingeweza kukuambia siendi. Lakini gazeti likisema, si mimi niliyekataa."

Nilitaka kumpiga na lile gazeti. Nasema kweli, mkono uliinuka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikihangaika na wauguzi, madereva, dawa, kumbe adui yangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha dirishani, amevaa shati nililomvisha. Kisha nikamwona alivyo mdogo ndani ya shati lile, hasira ikakosa pa kukaa. Nilikaa sakafuni nikalia, kilio cha hovyo, cha kamasi. Naye akaniwekea mkono kichwani. Tulikaa hivyo.

Nilipomaliza kulia nikamwambia kwamba ameniibia kazi. Tangu lini kichwa cha habari kinapita bila kusomwa dirishani kwangu? Angenisomea, akaniuliza kama zamani, ningekosea, yeye angenisahihisha, na uongo wake ungekufa palepale. Ndiyo maana hakuniuliza. Akasema ndiyo, ndiyo maana hakuniuliza.

Nikainuka. Nilichukua gazeti, nikasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama yeye kwenye kidirisha changu, kiwiko kimeegemea ubao ambao haupo. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mashine za figo zafungwa hospitali kuu," nilisoma. "Umeelewa nini, Mkato?"

Nje gari la dereva lilisimama, likapiga honi mara moja, kwa heshima. Nilibaki nimesimama na gazeti. Kama angeniambia ameelewa ile nyingine, na akaniambia akinitazama machoni, sijui ningefanya nini. Nafikiri ningemwambia dereva aende. Hilo ndilo nililoliogopa, na yeye alilijua.

"Kalamu yangu iko wapi?" aliuliza.

Nilimpa, ile nyekundu, iko kwenye droo ya meza siku zote ingawa haina kazi. Aliuchukua ukurasa wa mbele, akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake mdogo: mpya zaanza kazi. Akaliangalia kidogo. Akasema huyo kijana aliyeandika hii anahitaji mtu wa kumsomea, na kwamba tukirudi nimtafutie namba ya chumba cha habari, kama bado nakumbuka jinsi ya kuunganisha simu.

Nikamwambia nakumbuka.

Honi ikalia tena. Mkato alivuta viatu kwa fimbo yake, kimoja baada ya kingine, akaingiza miguu kwa shida. Kisha akaninyooshea mmoja.

"Nifungie," alisema.

Nikapiga magoti. Yalilia, kama alivyosema. Nilizifunga kamba zote mbili, na kila moja nikaiongezea fundo.